Kuutambua Mti kwa Jani, Gome na Tunda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, kutoka Kisumu hadi Nakuru

Haya ni maswali yanayojirudia kutoka kwa wenye vitalu vya miche, walimu, waongoza watalii na wakulima wa Nyanza, Magharibi na Bonde la Ufa. Jina la kisayansi limetajwa pale ambapo jina la kawaida peke yake linaweza kuchanganya.

Nikisimama mbele ya mti nisioujua, nianzie wapi?

Anza na tawi. Wengi huchuma jani moja, wakaligeuzageuza, wakauliza "hili ni la mti gani?" Jani la mviringo mrefu, la kijani kibichi, lenye ncha na urefu wa sentimita 10 linaweza kuwa la makumi ya miti ndani ya msitu wa Kakamega peke yake. Umbo la jani ndicho kitu kinachodanganya zaidi, na ndicho watu wanachokiamini zaidi.

Tafuta kitawi chenye unene wa penseli, kilichokomaa, upande unaopata jua. Kwanza tazama majani yamepangwaje kitawini: mawili mawili yakitazamana, au moja moja yakipishana kushoto na kulia. Halafu ujue kama kila jani ni sahili, yaani bamba moja, au ni changamano, yaani limegawanyika katika vijijani. Baada ya hapo ndipo ufuate ukingo (laini au wenye meno), upande wa chini wa jani, harufu, utomvu, gome, na mwisho ua au tunda kama lipo. Ukifuata mpangilio huo, hatua mbili za kwanza zitakuwa zimekuondolea sehemu kubwa ya miti usiyoihitaji kabla hujafungua kitabu chochote.

Jani linaanzia wapi na kuishia wapi? Mjakaranda unanichanganya.

Tafuta jicho. Ni lile lile jicho ambalo watu wa kubebesha miembe na michungwa hulikata: kinundu kidogo kilicho kwenye pembe kati ya kikonyo na kitawi. Kila kitu kilicho mbele ya jicho moja ni jani moja, hata kama lina vijijani mia. Kwenye mjakaranda, ule unyoya mzima unaofika sentimita 40 ni jani moja. Ukipekua chini ya kijijani chochote kati ya vile vidogo hutakuta jicho.

Kuna dalili nyingine mbili kama macho ni madogo mno. Ncha ya kitawi huwa na chipukizi linaloendelea kukua, ilhali ncha ya jani changamano huisha tu. Na mti ukipukutisha, jani changamano huacha kovu moja kitawini, hata kama vijijani vilitangulia kuanguka kimoja kimoja.

Ukishalijua jani, hesabu migawanyiko. Mwarobaini, siala na mkwaju hugawanyika mara moja. Mjakaranda, migunga na kaliandra hugawanyika mara mbili. Mlonge hugawanyika hadi mara tatu. Murembe (Erythrina abyssinica) una vijijani 3, cha mwisho kikiwa kikubwa kuliko wenzake, na mjunju, ambao Waluo huuita othoo, una 2 tu. Tazama pia mwisho wa jani: siala ina kijijani kimoja cha mwisho kinachosimama peke yake, mkwaju hauna.

Kutazamana na kupishana kuna umuhimu gani hasa?

Ni kwa sababu mpangilio haubadiliki ovyo kama ukubwa na umbo. Jani la kivulini linaweza kuwa mara mbili ya jani la juani kwenye mti huo huo, lakini majani ya mpera hayataacha kutazamana eti kwa kuwa umepandwa Njoro badala ya Ahero.

Yanayotazamana ni ya siala, kibobakasi, mjakaranda, mpera, mzambarau, mzeituni mwitu, mutondo wa Kakamega na aremo. Yanayopishana ni ya mwembe, mparachichi, mikuyu yote ya kawaida, krotoni, grevilia, mwarobaini na migunga.

Mfano mzuri wa kazi ya kigezo hiki ni mjakaranda na ule mti wa maua mekundu uitwao mkrismasi sehemu nyingi (Delonix regia). Majani yote mawili ni manyoya yaliyogawanyika mara mbili, na bila maua watu huiuza miche yake kwa kubahatisha. Mjakaranda: majani yanatazamana, tunda ni kisahani kigumu cha mviringo kinachopasuka katikati. Delonix: majani yanapishana, tunda ni upanga mrefu unaofika nusu mita. Basi.

Makosa hutokea kwenye ncha. Mwembe na miti ya jamii ya Terminalia husonganisha majani mwishoni mwa kitawi hadi yanaonekana kama yamezunguka duara. Shuka chini kidogo ya kitawi, mahali pingili zimerefuka, ndipo usome. Mutere (Maesopsis eminii) ni mkorofi: majani yake karibu yatazamane, ila moja liko juu kidogo ya mwenzake. Ukiona hali hiyo pamoja na meno makubwa yaliyotawanyika ukingoni na jani linalong'aa, usilazimishe jibu. Hiyo nusunusu yenyewe ndiyo alama.

Nimeambiwa mti wangu ni mwarobaini, jirani anasema ni melia. Nani yuko sahihi?

Kisumu na Homa Bay ndiko swali hili linakoulizwa zaidi, na si swali la ubishi tu, kwa sababu kuna watu huchemsha majani wakanywa. Melia azedarach, ambao Waluo wengi huuita dwele, una matunda yenye sumu kwa binadamu na kwa nguruwe.

Chuma jani zima kuanzia kwenye jicho, ulitandaze juu ya karatasi. Mwarobaini umegawanyika mara moja: uti mmoja katikati, vijijani vimeshikamana moja kwa moja na uti huo, kila kijijani kimepinda kama mundu, kina meno, na nusu yake moja ni pana kuliko nyingine pale chini. Melia umegawanyika mara mbili: uti wa katikati una matawi ya pembeni, na vijijani viko kwenye hayo matawi. Kosa la kawaida ni kuchuma tawi la pembeni la jani la melia na kuliona ni jani kamili, kwa sababu lenyewe linafanana sana na jani dogo la mwarobaini. Ndiyo maana jicho ni lazima.

Maua yakiwepo kazi imekwisha: ya mwarobaini ni meupe, ya melia ni ya zambarau hafifu. Matunda ya mwarobaini ni ya umbo la zeituni, laini, na huanguka yakiiva. Ya melia ni ya duara, ya manjano, na hubaki yananing'inia kwa vichala hata baada ya mti kupukutisha majani yote. Uchungu wa jani si kipimo. Yote mawili ni machungu, na hupaswi kuonja.

Urefu kutoka usawa wa bahari nao unasema kitu. Mwarobaini hustawi maeneo yaliyo chini ya takriban mita 1,500. Kisumu iko karibu mita 1,130. Ukionyeshwa "mwarobaini" mkubwa uliochangamka mjini Nakuru, karibu mita 1,850, ukague mara mbili.

Siala na kibobakasi vikiwa havina maua hutofautishwa vipi?

Yote ni ya ukoo mmoja, majani changamano yanayotazamana, yenye kijijani cha mwisho. Nenda chini kabisa ya kikonyo cha jani, pale kinapogusana na kitawi. Siala (Markhamia lutea, Waluhya husema lusiola, Wakalenjin mobet) ina vijani viwili vidogo vya mviringo vimekaa hapo kama masikio. Kibobakasi, ule unaojulikana mitaani kama Nandi flame, hauna.

Matunda huthibitisha: ya siala ni membamba kama kamba, yananing'inia, na yanaweza kupita nusu mita, ya kibobakasi yamesimama juu ya mti kama vimtumbwi, ya sentimita 15 hadi 25. Matumba ya kibobakasi yamejaa maji, na watoto huyafinya yakawarukia wenzao. Ukiona watoto wamelowa chini ya mti, huhitaji lenzi.

Kuna krotoni ngapi, na kwa nini watu huichanganya na mringaringa?

Kwa kazi ya kila siku, jua mbili. Croton megalocarpus, musine kwa Waluhya wengi, ina jani refu la kijani kilichokolea juu na la fedha chini. Upepo ukivuma mti mzima humetameta. Matawi yamejipanga kwa tabaka za bapa, na tunda ni gumu kama kokwa, la sentimita 3 hivi, lenye mbegu 3. Croton macrostachyus, musutsu kwa Waluhya na tebeswet kwa Wakalenjin, ina jani pana la umbo la moyo, kikonyo kirefu, na daima utaona jani moja mawili ya rangi ya chungwa mtini, maana hugeuka rangi hiyo kabla ya kuanguka. Matunda yake ni madogo kama njegere, yamepangwa kwenye mkia unaoning'inia.

Hiyo ya pili ndiyo huchanganywa na mringaringa (Cordia africana, mukomari kwa Waluhya), kwa sababu zote zina jani kubwa pana. Kuna njia mbili za kumaliza ubishi. Pitisha kidole juu ya jani: la mringaringa linakwaruza, la musutsu ni laini. Kisha tazama pale kikonyo kinapokutana na bamba: musutsu una tezi mbili ndogo, kimoja kila upande, kama vichwa vya pini. Mringaringa hauna hata moja.

Miiba inasema nini kuhusu migunga?

Inasema mengi kuliko majani, kwa sababu majani ya migunga yanafanana mno. Uliza kwanza: miiba imenyooka au imepinda kama ndoano?

Miiba iliyonyooka, miwili miwili chini ya kila jani, pamoja na maua ya vidonge vya duara, ni ya kundi ambalo sasa huitwa Vachellia. Ndoano fupi, pamoja na maua yaliyorefuka kama mkia, ni ya Senegalia. Kabla ya hapo yote yaliitwa Acacia. Mkutano wa wataalamu wa mimea huko Vienna mwaka 2005 uliamua jina Acacia libaki kwa miti ya Australia, na mkutano wa Melbourne mwaka 2011 ukashikilia uamuzi huo. Kwa hiyo vitabu vya zamani na vipya vitakupa majina tofauti ya mti ule ule, na hakuna aliyekosea. Vachellia tortilis huvunja kanuni: ina miiba mirefu iliyonyooka na ndoano fupi kwenye tawi moja, na maganda yake yamejisokota.

Mgunga wa gome la manjano kando ya Ziwa Nakuru na Naivasha ni Vachellia xanthophloea. Sugua gome, unga wa manjano utabaki kiganjani, na chini yake kuna kijani kinachotengeneza chakula kama jani. Huko tambarare ya Kano, kwenye udongo mweusi unaonata, kuna mwingine wenye gome la unga, Vachellia seyal. Huo ni mfupi zaidi, gome huweza kuelekea rangi ya chungwa, na ganda lake limepinda kama mundu ilhali la xanthophloea limenyooka. Mgunga wenye mipira myeusi yenye matundu na sisimizi ndani ni Vachellia drepanolobium.

Mathenge (Prosopis juliflora), uliovamia sehemu za Baringo, si mgunga ingawa una miiba iliyonyooka miwili miwili. Utaujua kwa jani lenye matawi machache ya pembeni, kwa kawaida jozi 1 hadi 3, kwa ua la mkia wa manjano, na kwa ganda la manjano nene ambalo halipasuki likikauka. Kwa kawaida mgunga ulionyooka miiba hautoi ua la mkia. Na muwati (Acacia mearnsii), unaopandwa kwa kuni na magome ya kutengenezea ngozi, hauna mwiba wowote.

Miti mikavu iliyosimama ndani ya maji Ziwa Nakuru ni ya aina gani?

Mingi ni migunga ya gome la manjano. Mti huo hupenda maji ya chini ya ardhi lakini hauwezi kuishi mizizi ikiwa imefunikwa muda mrefu bila hewa, na ziwa lilipopanda kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010 likaufuata ulipo. Kwenye mti uliokufa rangi ya gome huondoka, hivyo tumia miiba na umbo la matawi.

Mtarakwa na saipresi, paini na mvinje: naona vyote ni "miti ya Krismasi".

Mtarakwa (Juniperus procera) ni wa asili, wa milima mikavu ya Bonde la Ufa; saipresi (Cupressus lusitanica) ilitoka Mexico na nchi jirani zake. Majani ya yote ni magamba madogo yaliyobana kitawi. Angalia tunda: saipresi hutoa koni ngumu ya duara, ya sentimita 1 hadi 2, inayofunguka kwa vipande, mtarakwa hutoa kitu kama tunda la nyama, rangi ya buluu iliyoiva yenye ungaunga, la milimita 8 au pungufu, na hupatikana kwenye mti jike tu. Ukikosa tunda kwenye mtarakwa mmoja, tembelea wa pili.

Paini ina sindano za kweli, zimefungwa pamoja chini kwa kiganda kidogo. Zile za Pinus patula ni nyembamba, zinalegea, kwa kawaida 3 kwa fungu. "Sindano" za mvinje si majani, ni vitawi vya kijani. Shika kimoja kwa ncha mbili ukivute: kitaachana kwenye kiungo, na hapo kwenye kiungo utaona magamba madogo yaliyozunguka. Hayo magamba ndiyo majani.

Mkaratusi wangu una majani ya aina mbili. Ni miti miwili imeota pamoja?

Hapana. Mikaratusi mingi hubadili majani ikikua. Eucalyptus globulus ikiwa changa ina majani mapana ya buluu-nyeupe, yasiyo na kikonyo, yanayotazamana, na kitawi cha pembe nne. Ikikomaa, majani huwa marefu kama mundu, yana kikonyo, yanapishana na kuning'inia. Ukikata mti huo, machipukizi ya kisiki hurudi kwenye sura ya utotoni. Hapa ndipo kanuni ya kutazamana na kupishana inapokwama, na ndiyo sababu ya kuchukua kitawi kilichokomaa. Ukishindwa kufikia juu, okota vifuko vya mbegu chini: vya globulus ni vikubwa, kimoja kimoja, vyenye vinundu, vya mikaratusi mingine, grandis na saligna, ni vidogo na vya vichala.

Mvule nao una tabia hiyo: jani la mche lina meno na vinyweleo, la mti mkubwa lina ukingo laini. Watu wameng'oa miche ya mvule vitaluni wakidhani ni magugu.

Utomvu hupimwa vipi bila kuumia?

Kata kikonyo cha jani bichi, usubiri sekunde 10, utazame kinachotoka. Asubuhi ni bora; jua la saa nane likikaza, hata mkuyu unaweza kutoa tone dogo tu. Mweupe kama maziwa: mikuyu yote, mvule, mutondo. Rangi ya chungwa: aremo (Harungana madagascariensis), na jina lenyewe la Kiluo limetokana na neno la damu. Mwembe hutoa utomvu mwembamba wenye harufu kali.

Mkuyu una uthibitisho wa ziada usiohitaji tone lolote: chini ya kila jani kitawi kimezungukwa na kovu kama pete.

Usijaribu hili kwenye miti isiyo na majani yenye mashina mazito ya kijani, mfano Euphorbia candelabrum, ile yenye umbo la kinara inayotengeneza msitu mzima ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru, wala kwenye mnyaa wa ua la nyumbani. Maziwa yake huunguza ngozi na yakiingia jichoni yanaweza kuharibu uwezo wa kuona. Yakikurukia, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 15 na zaidi, usisugue, kisha nenda hospitali. Na usionje mti wowote ili kuutambua.

Gome linaweza kutosha peke yake?

Kwa miti michache, ndiyo. Shikuma (Zanthoxylum gilletii) wa Kakamega una vinundu vikubwa vya mbao shinani, kila kimoja na mwiba juu. Murembe una gome la kizibo lenye miiba. Mwiritsa (Prunus africana) una gome jeusi lililopasuka katika vipande kama vya chokoleti. Kwa mingine, gome hubadilika na umri, na moshi wa jikoni au ukungu wa kuvu hulipaka rangi isiyo yake.

Ukitaka kuona rangi ya ndani, kwangua kwa ncha ya kisu eneo la ukubwa wa ukucha. Usizungushe shina. Chini tu ya gome ndiko chakula kinakopita kwenda mizizini, na ukiikata njia hiyo pande zote mti hufa taratibu. Mwiritsa umeumizwa sana kwa njia hiyo, kwa kuwa gome lake huuzwa kwa dawa za tezi dume. Tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

Harufu zipi ni za kutegemewa?

Ponda jani, unuse mara moja, upumzike kabla ya la pili, maana pua huchoka. Mwiritsa hunuka kama lozi chungu, na kikonyo chake ni chekundu. Leleshwa, kichaka cha kijivu kati ya Gilgil na Nakuru, hunuka kafuri na jani lake ni jeupe chini. Mpilipili (Schinus molle) wa barabara za zamani za Nakuru hunuka pilipili manga. Mkaratusi unaonuka limau ni Corymbia citriodora. Shikuma hunuka jamii ya machungwa, na ukiliinua jani juani utaona vitone vinavyopitisha mwanga.

Kaliandra na lusina zinafanana. Ng'ombe wangu atajali?

Atajali. Lusina (Leucaena leucocephala) ina mimosini, kemikali yenye sumu, na haifai kuzidi karibu asilimia 30 ya chakula cha ng'ombe. Punda, nguruwe na sungura huumizwa nayo upesi zaidi. Tafuta kitezi kwenye kikonyo cha jani, karibu na jozi ya kwanza ya matawi ya pembeni: lusina inacho, kaliandra haina. Ua la lusina ni kidonge cheupe, la kaliandra ni brashi nyekundu.

Kiangazi kimepukutisha kila kitu. Nitumie nini?

Tumia makovu ya majani (yanatazamana au yanapishana vile vile), miiba, gome, na kilichoanguka chini. Okota tunda lenye mabawa: mabawa 4 ni Combretum, bawa lililolizunguka tunda lote au mawili ni Terminalia. Maganda yaliyopinda kama pete za maganda ya tufaha, rangi ya chungwa, ni ya Faidherbia albida, mti unaofanya kinyume: hupukutisha wakati wa mvua na kuwa na majani wakati wa kiangazi. Hakikisha tu kilichoanguka hakikupeperushwa kutoka mti wa jirani.

Jina la kienyeji linatosha kuandika kwenye lebo ya mche?

Liandike, lakini pamoja na lugha yake. "Siala" bila kusema ni Kiluo haimsaidii mtu wa Eldama Ravine. Zaidi ya hapo, jina moja hutumika kwa miti tofauti kutoka kata moja hadi nyingine, na mwarobaini limeshakuwa jina la mti wowote mchungu wenye vijijani. Jina la mwenye shamba lichukue kama fununu nzuri ya kuchunguza.

Programu za simu kama PlantNet na iNaturalist zinaaminika?

Zinasaidia zikilishwa vizuri. Picha moja ya jani kwenye kiganja ndiyo mbaya kuliko zote. Piga 5: mti mzima, gome kwa umbali wa hatua moja, kitawi kikionyesha majani yalivyoshikana, jani pande zote mbili likiwa na rula, na ua au tunda. Miti ya kupandwa kama grevilia na mjakaranda hujibiwa vizuri. Miti ya msitu wa Kakamega yenye picha chache mtandaoni hupewa mara nyingi jina la ndugu yake wa mbali. Jibu likija, angalia kama mti huo umewahi kuorodheshwa Kenya, kisha kagua mpangilio wa majani mwenyewe.

Nataka kupeleka sampuli kwa wataalamu. Niiandae vipi?

Kata kitawi cha sentimita 30 hadi 40 chenye majani kadhaa na, ikiwezekana, ua au tunda. Bila hivyo viwili, kwa miti mingi utarudishiwa jina la ukoo tu. Andaa nakala 3 za mti ule ule. Tandaza ndani ya gazeti lililokunjwa, geuza angalau jani moja ili upande wa chini uonekane, weka kadibodi kati ya sampuli, halafu ubane kwa mbao mbili na mikanda.

Badilisha magazeti kila siku kwa siku 4 za kwanza, kisha kila baada ya siku mbili hadi jani livunjike likikunjwa. Tunda nene lipasue katikati au likaushe kando kwenye bahasha yenye namba ile ile.

Lebo iandikwe siku hiyo hiyo kwa penseli: tarehe, mahali, mwinuko, urefu wa mti, mzingo wa shina kwa mita 1.3 kutoka ardhini, rangi ya ua, utomvu, harufu, na jina la kienyeji na lugha yake. Rangi, harufu na utomvu hupotea kabisa sampuli ikikauka, kwa hiyo usipoviandika hakuna atakayevijua. Kituo cha KEFRI (Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya) kilicho Maseno kiko karibu kwa watu wa Nyanza na Magharibi. Mkusanyiko mkubwa zaidi wa sampuli uko Nairobi, katika Makumbusho ya Taifa.

Ndani ya msitu wa Kakamega na hifadhi nyinginezo huruhusiwi kukata kitawi bila idhini. Upande wa kaskazini, Buyangu, uko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Upande wa Isecheno uko chini ya Huduma ya Misitu. Kilichoanguka njiani unaweza kukipiga picha hapo hapo.

Sampuli yangu imegeuka nyeusi na majani yameachana na kitawi. Nilikosea wapi?

Weusi hutokana na kukauka polepole: magazeti hayakubadilishwa, au yalikaa chumba chenye unyevu, jambo la kawaida Kakamega mwezi wa Aprili na Mei. Weka mahali penye upepo, au juu ya balbu ya umeme kwa umbali wa kutosha usiunguze karatasi. Ukungu mweupe ukitokea, futa kwa brashi na uanze na magazeti makavu mara mbili kwa siku. Majani kuachana ni tatizo la miti yenye vijijani vidogo kama migunga na mkwaju, ambayo huendelea kuishi ndani ya gazeti na kupukutisha yenyewe. Tumbukiza kitawi kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache, kipanguse, ndipo ukibane. Ukishachelewa, kusanya vijijani vyote kwenye bahasha, bandika kando ya kitawi, na usitupe.